Samaki wa bahari ana vidoa vyeupe, naomba ushauri haraka (Kisumu)

MamaManyatta: Wapendwa, hamjambo. Niko Kisumu, nina tangi la samaki wa bahari, lita 180. Ni la kijana wangu. Alipopata kazi Mombasa aliniachia nilitunze. Samaki mmoja, kangaja wa buluu, ametoka vidoa vyeupe kama aliyenyunyiziwa chumvi, tena anajikwaruza kwenye mawe. Samaki klauni wawili wanahema mbiombio. Ni ugonjwa gani? Kijana hupiga simu Jumapili.

Mkulima wa Kakamega: Dada, hilo nalijua. Ngege wangu wa bwawani walitoka vidoa hivyo hivyo, nikatia chumvi ya jikoni wakapona. Bwawa lenyewe nililichimba kwa jembe na shemeji yangu, miezi miwili, majirani wakisema tunachimba kaburi. Leo haohao ndio wateja wangu. Tia chumvi.

Jirani wa Dunga: Sisi huku vidoa vinaisha kwenye mafuta moto 😂

MpwaniNakuru: Mkulima, hao wanaishi ndani ya chumvi tayari! Kidudu cha bwawani na cha baharini ni viwili tofauti. Mama, vidoa vinahesabika, au ni vumbi laini lililomfunika mwili mzima? Vumbi ni ugonjwa mwingine, huua kwa siku chache. Kangaja aliingia lini? Umetia dawa yoyote?

MamaManyatta: Vinahesabika. Alikuja Jumamosi kwa basi la usiku, nikamtia moja kwa moja maana alionekana mzima.

MpwaniNakuru: La dawa hujajibu, mama.

MamaManyatta: Nilitia mrututu (una shaba) jana jioni. Nusu kijiko tu. Wa duka la dawa za mifugo aliniambia shaba huua vidudu vya samaki, na nimesoma ni kweli. Nilipanga kumalizia nusu nyingine leo.

MpwaniNakuru: Usimalizie! Shaba ni dawa kweli, lakini hutiwa kwenye chombo cha pembeni, kwa kipimo, siyo kwa kijiko. Tangini mna kamba au matumbawe? Hao shaba huwaua.

MamaManyatta: Kamba wawili. Asubuhi mmoja alikuwa amelala ubavu.

Sister Akoth: Watoto wanatuachia mizigo yao, halafu sisi ndio tunakosa usingizi. Mwambie kijana ukweli leo, usingoje Jumapili.

Mkweli254: Mimi siamini uzi huu. Ziwa letu ni maji baridi. Bahari Kisumu imetoka wapi? Mtu ametunga hadithi.

Mkulima wa Kakamega: Hata mimi nilijiuliza.

MamaManyatta: Kijana hutuma jerikeni za lita 20 kwa basi lilelile. Kila wiki nafuta ukoko wa chumvi kwenye kifuniko, umenila vidole. Sina sababu ya kutunga, kamba wangu anakufa.

MpwaniNakuru: Mkweli, anayetunga hangejua kwamba kangaja hujikwaruza. Mwache mama. Fanya hivi: kamba watoe sasa hivi, watie kwenye maji mapya ya chumvi. Samaki wote wahamie ndoo safi isiyo na mchanga, yenye pampu ya hewa. Kila siku ya tatu wahamishe ndoo nyingine iliyokaushwa kabisa, mara nne. Kidudu humwachia samaki baada ya siku chache, kikajifungia chini na kuzaa mamia. Ukihama kabla hakijaangua, unakiacha nyuma. Kwa hiyo vidoa vikitoweka usidhani amepona. Tangi kubwa badilisha maji, weka mkaa wa kuchujia ufyonze shaba, likae bila samaki hadi siku 76.

MamaManyatta: Siku 76! Si ataona tangi tupu kwenye video?

Sister Akoth: Ataona. Mpigie.

MamaManyatta: Nimempigia. Amenyamaza kidogo, kisha ameuliza kama mimi nimekula. Anatuma jerikeni nne usiku huu. Samaki wako ndooni, kangaja amedonoa mwani. Kamba aliyelala amekufa; wa pili anatembeza miguu. Mpwani, maji ya ndoo niyapashe moto au niyaache hivi hivi?

MpwaniNakuru: Yawe nyuzi 26, sawa na ya tangi. Usiku funika ndoo kwa wavu, kangaja huruka.