Chembe nyeupe za mwanangu zimeshuka baada ya mafua makali, naomba ushauri

Mama wa Ujiji
Ndugu wanajamvi, habari zenu. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 9, aliugua homa, mafua na kikohozi kikavu, kama walivyougua wenzake wengi hapa mtaani. Kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea. Kwa kuwa homa ilichelewa kushuka, alipimwa FBP (kipimo cha picha kamili ya damu), na chembe nyeupe zikaonekana ni 2.6 wakati karatasi inaonyesha kiwango cha 4 hadi 11, huku neutrofili, aina mojawapo ya chembe hizo nyeupe, zikiwa 0.9. Daktari alisema ni athari ya virusi, hakutoa antibayotiki, na akatutaka turudie kipimo baada ya wiki mbili. Homa imekwisha na mtoto anakula, lakini majirani wanasema hiyo ni saratani ya damu, na wengine wananihimiza ninunue antibayotiki dukani na kumnywesha juisi ya rozela. Sipati usingizi. Je, kusubiri ni salama?

Mpima Damu, Tabora
Pole sana, mama. Ninafanya kazi ya maabara, na majibu ya namna hii si mageni kwa watoto waliotoka kuugua. Mafua makali, dengi, surua, tetekuwanga na homa ya ini vyote vinaweza kushusha chembe nyeupe, kwa sababu virusi hupunguza kwa muda utengenezaji wake ndani ya uboho wa mifupa, na wakati huohuo chembe zilizopo huhamia kwenye sehemu za mwili zilizoshambuliwa, ilhali sisi tunahesabu zile tu zilizobaki katika mkondo wa damu. Mara nyingi hurejea ndani ya wiki moja au mbili, ingawa kwa baadhi ya watoto huchukua muda mrefu zaidi.

Itazame zaidi namba ya neutrofili kuliko ile ya jumla, kwani hizo ndizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria. Kati ya 1.0 na 1.5 upungufu ni mdogo. Kati ya 0.5 na 1.0, alipo mwanao, ni wa wastani; chini ya 0.5 ndipo hatari hupanda sana. Kuhusu saratani, tafadhali tuandikie HB (wingi wa damu) na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zilizo kwenye karatasi hiyohiyo, maana ugonjwa huo kwa kawaida hauziachi salama.

Tabibu wa Kasulu
Dada, naongeza jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko yote. Mtoto akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi kabla ya kipimo cha pili, akatetemeka kwa baridi, akapumua kwa shida au akatoka vidonda mdomoni, usisubiri kupambazuke; mpeleke hospitali saa hiyohiyo na karatasi ya FBP mkononi. Antibayotiki ya dukani haiui virusi wala haipandishi chembe nyeupe, na baadhi yake, kama kotrimoksazoli, inaweza kuzishusha zaidi. Rozela anaweza kunywa kama kinywaji, si kama dawa. Mpe migebuka na dagaa walioiva vizuri, maji yaliyochemshwa, anawe mikono, na asikae karibu na wanaokohoa.

Mama wa Ujiji
Mungu awabariki. HB ni 12.1 na chembe sahani ni 210. Je, kipimo cha pili kikionyesha neutrofili 1.2 na mtoto akiwa mzima?

Mpima Damu, Tabora
HB na chembe sahani ziko vizuri, mama, kwa hiyo maneno ya majirani hayana mashiko. Neutrofili zikibaki 1.2, daktari atarudia kipimo, ataangalia dawa anazotumia, atapima VVU, na pengine upungufu wa vitamini B12 na foleti. Vilevile watu wengi wenye asili ya Afrika wana neutrofili chache kwa maumbile, bila ugonjwa wowote, kwa kuwa wamerithi chembe nyekundu zisizo na alama ya Duffy, yaani protini fulani ya juu ya chembe hizo, hali ileile inayowakinga dhidi ya vivax, aina mojawapo ya malaria. Viwango vingi vinavyochapishwa kwenye karatasi zetu vilitokana na vipimo vya watu wa Ulaya na Marekani. Kama mtoto aliwahi kupimwa FBP akiwa mzima, tafuta majibu hayo ya zamani uende nayo, kwa sababu daktari atayalinganisha na haya mapya.