Tupeane uzoefu: Mtaa unapopanda thamani, wakazi wa siku nyingi wanabakije?

Mwanzisha mada
Ndugu wanachama, salaam. Katika mtaa nilikokulia nyumba zinanunuliwa moja baada ya nyingine na kubomolewa, na yanayojengwa mahali pake hakuna jirani yetu wa zamani anayeweza kumudu kodi yake. Mwanasosholojia Ruth Glass aliyaeleza mabadiliko kama haya katika mitaa ya wafanyakazi ya London tangu mwaka 1964, kwa hiyo hatukuanza sisi. Sipingi barabara, taa wala maji safi, kwani tuliyadai wenyewe kwa miaka mingi. Kinachoniuma ni kwamba yanapofika, waliokuwa wakiyadai wanakuwa wameshahama. Naomba mwenye uzoefu aeleze kilichowasaidia watu wasiondoke, kwa undani wa kumwezesha mwingine kukifuata.

Mchangiaji wa kwanza
Kwetu wanunuzi waliingilia kwenye mirathi. Nyumba ya marehemu babu ilikuwa bado ina jina lake kwenye hati, na warithi tulikuwa wengi, baadhi wakiishi mbali. Dalali hakubisha hodi kwetu tuliokuwa tukiishi humo; alimfuata binamu yetu mmoja aliyekuwa amebanwa na madeni, akamwekea mezani mkataba uliokwisha kuchapwa, wenye majina yetu sote, huku nafasi ya bei ikiwa tupu. Binamu aliomba muda, akampigia shangazi simu usiku uleule. Shangazi aliitisha kikao cha familia, tukamteua msimamizi wa mirathi, mahakama ikamthibitisha, kisha umiliki ukahamishiwa kwa warithi. Tuliandikiana pia kwa wakili kwamba anayetaka kuuza sehemu yake ataanza kuwauzia ndugu, na wenye uwezo tukachanga kumpunguzia binamu mzigo wake, kwa sababu shida ile ilikuwa ya kweli na isingeondoka kwa kulaumiwa. Majirani kadhaa wamefuata njia hiyo. Nawasihi sana wenye nyumba za urithi: shughulikieni hati wakati hakuna mnunuzi, maana akishafika kila ndugu anaanza kupiga hesabu yake peke yake.

Mchangiaji wa pili
Mimi ni mpangaji, na mpangaji hana hati ya kujikinga nayo. Jengo letu lilipopata mmiliki mpya, kila mmoja alipewa notisi ya kuhama, na wengi walianza kufunga mizigo. Mama mmoja wa ghorofa ya chini alikuwa ametunza mikataba na stakabadhi zake zote katika mfuko wa plastiki. Tulipozisoma pamoja tukaona kwamba muda wa notisi ulikuwa mfupi kuliko ule ulioandikwa kwenye mkataba. Tulijibu kwa barua moja yenye sahihi za wapangaji wote, na mmiliki akakubali mazungumzo. Baadhi walihama hatimaye, lakini kwa muda wa kutosha na baada ya kurejeshewa amana zao. Jiji la Washington, Marekani, lina sheria tangu mwaka 1980 inayowapa wapangaji wa majengo ya aina fulani nafasi ya kwanza ya kuyanunua yanapouzwa. Naona hili ni dai ambalo vyama vya wapangaji vinapaswa kulipeleka kwa watunga sheria popote.

Mchangiaji wa tatu
Kwa heshima zote, msimsahau mzee ambaye nyumba ndiyo akiba yake pekee na anahitaji fedha za matibabu. Huyo msimwite msaliti akiuza.

Mwanzisha mada
Ndugu, hoja yako ni ya haki, na ndiyo maana navutiwa na utaratibu ambao ardhi inamilikiwa na chombo cha wakazi, huku nyumba ikibaki mali ya mtu: anaweza kuiuza, lakini kwa bei ambayo mwenye kipato kama chake ataiweza. Wakazi wa Dudley Street, Boston, walijiunga mwaka 1984, na mwaka 1988 jiji likaruhusu chombo chao kutwaa viwanja vilivyotelekezwa katika eneo lao. Huko San Juan, Puerto Rico, jamii za kando ya mfereji wa Martín Peña zilijua kwamba mfereji ukisafishwa bei ya ardhi ingepanda, zikapigania sheria ya mwaka 2004 iliyoweka msingi wa ardhi hiyo kumilikiwa kwa pamoja. Hawakungoja usafishaji uanze, na kwangu hilo ndilo lenye uzito kuliko yote.

Mchangiaji wa nne
Naongezea jambo moja. Mabadiliko ya matumizi ya ardhi kwa kawaida hutangazwa, na tangazo huwa na tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi. Sisi tumewateua watu wawili wanaopita ofisi ya mipango miji kila wiki, wanapiga picha matangazo mapya na kuyatuma kwenye kundi la mtaa. Pingamizi letu dhidi ya kufungwa kwa njia ya waenda kwa miguu lilipokelewa siku moja kabla ya dirisha kufungwa, na njia hiyo ilirudishwa kwenye ramani.