Kijivu inayovuta bluu sebuleni, itakaa?

MwanaUjiji: Wakuu habari za jioni, nipo Kigoma namalizia nyumba, sebule inatazama magharibi ziwani, nataka kijivu inayovuta kwenye bluu, ile ya kati, mama watoto anasema itakuwa kama wodi. Mnishauri.

Fundi_Rangi: Mkuu hiyo rangi inafuata mwanga. Asubuhi jua likiwa upande wa pili utaiona kijivu kabisa, jioni jua likiingia inalainika. Usichague kwa kikadi cha dukani, chukua kopo la lita 1 paka kipande kikubwa ukutani, mikono miwili yaani tabaka mbili, kikauke kabisa, halafu kiangalie mchana na usiku ukiwasha taa zako maana taa ya njano inaizima bluu.

DadaTabora: Ninayo chumbani huku Tabora naipenda mno!! Kinachoibeba ni mbao, mlango na kitanda cha mninga, ule wekundu wake unaipa joto, dari nyeupe basi. Ila chukua silki, ile rangi yenye mng'ao kidogo, vumbi letu jekundu unafuta na kitambaa kibichi linatoka.

MwanaUjiji: Ahsanteni sana, milango yangu ni mninga tayari, kesho nafuata hiyo lita 1.