Mohamed Amin alishutije baada ya kukatika mkono 1991?

fundi_lenzi_tanga
Wakuu heshima zenu. Mi nashuti harusi na send-off hapa Tanga mwaka wa nne sasa, na kila tukikaa na wakubwa wa kazi hawaachi kumtaja Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari aliyeshuti njaa ya Ethiopia 1984. Nimekuja kujua kumbe mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa 1991 ulimkata mkono wa kushoto na bado akarudi kazini! Swali langu ni la ufundi kabisa, zile kamera za begani mkono wa kulia ndo unashika kamera na zumu, wa kushoto uko kwenye ringi ya fokasi, sasa yeye alifanyaje? Halafu ni mtu wa Nairobi au Dar, maana hapa tunabishana.

Mzee wa Gerezani
Wote mko sawa mwanangu. Kazaliwa Nairobi, Eastleigh, 1943, baba yake mtu wa reli, familia ikahamia Dar yeye bado mtoto ndo akakulia huku. Alianza na kamera ndogo ya Box Brownie ya mtumba, na 1963 akafungua Camerapix, kampuni yake ya picha, hapahapa Dar, kijana wa miaka 20 tu hebu fikiria. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Zanzibar yakamkuta tayari ana kamera mkononi. Na enzi zile hakuna kutuma faili, unashuti filamu, unaifunga, unakimbia nayo eapoti ipande ndege mpaka London huko ndo isafishwe, ukichelewa ndege habari imekufa. 1966 alifungwa Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi hiyohiyo, alipotoka ndo akahamia Nairobi.

nuru_ya_alfajiri
Shikamoo mzee. Naongezea, 5 Julai 1969 waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi Government Road, Nairobi (sasa Moi Avenue) Amin aliwahi kufika na akashuti. Ila mi nakuomba fundi_lenzi kaangalie zile picha zake za njaa za Korem, Ethiopia, taratibu, bila sauti kwanza. Korem iko juu milimani, alfajiri kuna baridi na ukungu, watu wamejifunika mashuka wamekaa chini mpaka macho yanapoishia, na kamera inatembea polepole hairukiruki, haikimbilii zumu usoni mwa mtu. Anakupa muda wa kuona kwamba hawa ni watu. BBC waliirusha 23 Oktoba 1984 na sauti ya mwandishi wao Michael Buerk, na Julai iliyofuata ndo likafanyika lile tamasha la muziki la Live Aid la kuchangia wenye njaa. Wapo wanaosema si haki kumshuti mtu anakufa, mi naona bila ile kanda wangekufa wengi zaidi kimyakimya.

Kameramani Msa
Nirudi kwenye swali la mkono. Alitengenezewa mkono wa bandia Marekani, wa umeme, akajifunza kuutumia na akarudi kazini na kamera yake. Kiufundi inawezekana, ukitumia lenzi pana na ukakaa karibu na tukio fokasi haikusumbui sana, kazi kubwa inabaki kwenye bega na miguu. Lakini tusisahau kwamba siku ile mtu wake wa sauti, John Mathai, alifariki palepale. Binafsi naona hilo ndo lilikuwa zito kuliko mkono.

Na mwisho wake mnaujua, 23 Novemba 1996 alikuwa kwenye ile ndege ya Ethiopian ikitoka Addis kuja Nairobi, ikatekwa, ikaishiwa mafuta ikaanguka baharini Ngazija, visiwa vya Komoro, watu 125 kati ya 175 wakafa. Walionusurika wanasema alikuwa amesimama anabishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

fundi_lenzi_tanga
Asanteni sana wakuu, shikamoo mzee wangu wa Gerezani. Ya John Mathai sikuijua kabisa na imenigusa kwa sababu mi na kijana wangu wa sauti tunatembea pamoja kila mahali. Jioni hii tunaiangalia Korem pamoja, bila sauti kwanza kama dada alivyosema.