Tupeane uzoefu: tovuti ya chuo ambayo mwanafunzi asiyeona anaitumia bila kushikwa mkono

Mleta mada
Wadau wa TEHAMA vyuoni, wahariri wa tovuti, nanyi wanafunzi mnaotumia visoma skrini (programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye skrini), karibuni. Tujikite kwenye kurasa ambazo mwanafunzi hana namna ya kuzikwepa: maombi ya udahili, kuingia kwenye akaunti, usajili wa masomo, ankara ya ada, ratiba na matokeo. Ukurasa wa mbele wenye picha za mahafali usubiri. Mtu akikwama kwenye fomu ya udahili, inabidi atafute wa kumjazia, na hapo siri ya nywila yake imekwisha.

Naanza na kipimo cha bure. Weka mausi pembeni, fungua fomu hiyo, songa mbele kwa Tab, rudi kwa Shift+Tab, bonyeza kwa Enter au Space. Je, muda wote unaona uko kwenye kitufe kipi? Unapita kwa mpangilio wa fomu, au unarukia huku na kule? Ukifungua kidirisha, Esc inakutoa? Kosa linalojirudia ni mstari wa CSS (msimbo wa mwonekano wa ukurasa) wenye outline: none, uliowekwa kwa sababu mbunifu aliona ule mzingo wa kitufe unaharibu sura. Ufutwe, na :focus-visible ipewe outline ya pikseli 3 yenye rangi inayoonekana.

Mhariri wa nyaraka
Mkuu, kwa maoni yangu PDF ndizo zinazoumiza zaidi. Tangazo linachapwa, linagongwa muhuri, linaskaniwa, linapandishwa. Kwa kisoma skrini hiyo ni picha tu, haina neno hata moja. Kuhakikisha, bonyeza Ctrl+F utafute neno unaloliona kwa macho. Lisipopatikana, hakuna maandishi humo.

Tiba ni kuliandika tangazo lenyewe kama ukurasa wa kawaida wa tovuti, kisha nakala yenye muhuri ikae chini kama kiambatisho. Pale PDF inapolazimu, kazi ianzie kwenye Word: vichwa viwe vya mtindo wa Heading 1 na Heading 2, si herufi zilizokolezwa na kukuzwa, kila picha iwe na maelezo yake, lugha ya waraka iwekwe. Hifadhi kwa Save As, na kwenye Options uhakikishe "Document structure tags for accessibility" ina tiki. Msitumie Print to PDF. Kwa macho faili ni lile lile, ila muundo wote umepotea njiani.

Ratiba nayo ina ugonjwa wake: seli zilizounganishwa. Msikilizaji anasomewa "ukumbi namba 4" bila kujua ni wa siku gani. Kipindi kimoja kikae mstari mmoja: siku, saa, kozi, ukumbi; vichwa vya safu viwe th (alama ya HTML ya kichwa cha jedwali) vyenye scope="col". Ndiyo, jedwali litarefuka. Lirefuke tu, maana linaeleweka.

Mwanachama mwingine
Nauliza: kurasa zetu za Kiswahili kisoma skrini cha NVDA kinazisoma kwa matamshi ya Kiingereza, hata jina la kitivo halieleweki. Kosa ni la programu?

Fundi wa fomu
Angalia tovuti kwanza, ndugu. Violezo vingi huja na lang="en" kwenye html. Wekeni lang="sw", na kifungu cha Kiingereza ndani ya ukurasa kipewe lang="en" chake. NVDA ni ya bure na inakuja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, ambayo ina sauti ya Kiswahili.

Kuhusu fomu zenyewe:
Maelekezo yaliyo ndani ya kisanduku kwa rangi hafifu si lebo. Ukianza kuandika yanatoweka. Kila kisanduku kiwe na label yenye for inayolingana na id. Kosa lisionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake. Liandikwe, "Namba ya mtihani ina tarakimu pungufu", na liunganishwe na kisanduku kwa aria-describedby, sifa ya HTML inayofanya kisoma skrini kilisome. Kalenda ya kubofya kwa tarehe ya kuzaliwa ni mateso. Visanduku vitatu vya siku, mwezi na mwaka vinatosha.

Muda wa kikao ndio unaowatoa watu wakiwa karibu kumaliza. Anayesikiliza fomu anachukua muda mrefu kuliko anayeiona. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, inakubali, kama njia mojawapo, umuonye mtu kabla muda haujaisha na kumpa angalau sekunde 20 za kuuongeza kwa kitendo chepesi. Mimi naongeza: alichokwisha kujaza kihifadhiwe.

Mbunifu
Rangi, kwa kifupi. Maandishi ya kawaida yanahitaji uwiano wa utofauti wa mwangaza wa 4.5:1 dhidi ya usuli, makubwa 3:1. Kijivu #999999 juu ya nyeupe kinapata 2.85:1, kimeshindwa, #767676 kinapita kwa shida. Njano ya nembo ya chuo juu ya nyeupe haisomeki, iacheni kwenye mapambo.

Mdau wa manunuzi
Niongeze upande wa mkataba. Kile kitufe cha ufikivu kinachobandikwa pembeni kukuza herufi na kugeuza rangi hakirekebishi fomu isiyo na lebo wala PDF iliyoskaniwa, msikilipie kama tiba. WAVE na axe, zana za kukagua kurasa kiotomatiki, zinasaidia kubaini makosa, ila picha yenye alt="picha1" (alt ni maelezo ya picha) zinaweza kuipitisha bila neno.

Kwenye zabuni andikeni WCAG 2.2, ngazi ya AA. Kisha wanafunzi wenye ulemavu, kwa malipo, wafanye kazi halisi: kuomba udahili, kusajili kozi, kupata ankara, kusoma matokeo, kwa NVDA kwenye kompyuta na TalkBack, kisoma skrini cha Android, kwenye simu. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yatoke kazi hizo nne zikikamilika bila msaada.