Mafuriko na joto kali: ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi au la? Naomba ushauri kabla ya kuwasilisha mada

Msaka_Hoja (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Naandaa mada ya dakika 20 kuhusu maafa ya hali ya hewa na mabadiliko ya tabianchi. Wasikilizaji ni wa kila namna: kuna wanaosema kila mafuriko yanayotokea ni tabianchi, na kuna wanaosema mafuriko na ukame vilikuwepo tangu enzi za mababu. Naomba msaada kwenye haya:

1. Je, ni sahihi kusimama na kusema "mafuriko haya ni ushahidi wa mabadiliko ya tabianchi"?
2. Nina takwimu za mvua na joto za kila siku za kituo kimoja, miaka 40. Nazitumiaje bila kujiaibisha?
3. Nimjibu nini mtu wa "ukame wa zamani ulikuwa mkali zaidi"?

Natanguliza shukrani.

Nyuzi_Moja

Mkuu, kwanza tenganisha maswali mawili ambayo watu huyachanganya.

Swali la kwanza: dunia inapata joto, na ni binadamu anayelisababisha? Jibu lake halitoki kwenye maafa. Linatoka kwenye vipimo. Kabonidioksidi hewani ilikuwa kama chembe 280 katika kila milioni kabla ya zama za viwanda. Vipimo vya Mauna Loa, mlima wa Hawaii, vilipoanza mwaka 1958 ilikuwa kama 315, na sasa imevuka 420. Kina cha bahari kilipanda takriban sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Halafu kuna alama ambayo watu wengi hawaitaji na ndiyo nzito kuliko zote: tabaka la chini la angahewa linapata joto huku stratosfia iliyo juu yake ikipoa. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, matabaka yote mawili yangepata joto. Gesi zinazonasa joto karibu na ardhi ndizo zinazoacha alama ya namna hiyo.

Swali la pili: kwa kuwa dunia imeshapata joto, tukio hili mahususi limebadilishwa kiasi gani? Hapo ndipo maafa yanapoingia.

Ukiiegemeza mada yako yote juu ya mafuriko ya mahali pamoja, atakayeyapangua hayo ameipangua mada nzima. Anza na vipimo, ndipo uje kwenye matukio.

Wimbi_la_Joto

Nakubaliana na mpangilio wa Nyuzi_Moja, ila kwenye joto kali amekuwa mpole mno. Joto halifanani na mafuriko. Mwishoni mwa Juni 2021 kijiji cha Lytton, Kanada, kilifikia nyuzi 49.6. Rekodi ya nchi nzima kabla ya wiki hiyo ilikuwa nyuzi 45.0, ya mwaka 1937. Rekodi za nchi kwa kawaida huvunjwa kwa sehemu ya nyuzi moja, hii ilivunjwa kwa nyuzi 4.6. Wanasayansi wa World Weather Attribution, kundi linalopima mchango wa tabianchi kwenye matukio ya namna hii, walipoichambua walisema isingewezekana kabisa, au karibu na hapo, bila joto lililoongezwa na binadamu.

Na si tukio moja tu. Ripoti ya IPCC (jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi) ya 2021 imeweka hesabu wazi: joto kali ambalo zamani lilitokea kwa wastani mara 1 katika miaka 10, kwa dunia iliyoongezeka nyuzi 1 linatarajiwa mara 2.8 katika muda huo huo. Lile la mara 1 katika miaka 50, mara 4.8. Angalia kwamba tukio lililo adimu zaidi ndilo linaloongezeka kwa kasi zaidi. Ukisogeza wastani kidogo, upande wa matukio adimu kabisa ndio unaovimba.

Kwa hiyo kwenye joto, sema kwa nguvu. Kuwa na tahadhari kupita kiasi nako ni kusema kisicho sahihi.

Nyuzi_Moja

Sawa mkuu, kwenye joto sina ubishi. Basi Msaka_Hoja akumbuke kwamba uhakika haulingani kwa kila aina ya tukio. Joto kali ndilo linaloongoza. Inafuata mvua kubwa ya muda mfupi, kwa sababu fizikia yake ni ya moja kwa moja: kila nyuzi 1 ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kisha ukame wa kilimo, yaani upungufu wa unyevu udongoni. Kwa vimbunga, idadi yao kwa jumla haionyeshi ongezeko la wazi. Kilichoongezeka ni sehemu ya vile vyenye nguvu kubwa, na mvua vinayoibeba. Kwa tornado (kimbunga chembamba cha nchi kavu) na mvua ya mawe, ushahidi bado ni mwembamba. Usiviingize kabisa.

Takwimu_Safi

Nijibu swali la 2, maana hapo ndipo wengi huharibikiwa.

Kabla ya hesabu yoyote, safisha takwimu. Angalia haya:

Pengo lililoandikwa 0. Siku ambayo hakuna aliyepima inatakiwa kuachwa wazi au kuwekewa alama. Ikiandikwa 0, umepata siku kavu ambayo haikuwepo. Ukikuta mwezi mzima wa sifuri katikati ya msimu wa mvua, shuku.

Mvua ya siku tatu iliyoandikwa siku moja. Kama kituo hakikusomwa wikendi, Jumatatu hubeba maji yote. Panga takwimu kwa siku za juma ulinganishe wastani. Mbingu haijui Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu ikizidi siku nyingine kwa mbali huku Jumamosi na Jumapili zikiwa na sifuri nyingi, tatizo ni la msomaji wa kipimo.

Saa ya kusoma. Kipimamvua husomwa saa maalumu asubuhi, na "siku" ya mvua huishia hapo. Saa ikibadilishwa katikati ya rekodi, mvua moja kubwa inaweza kugawanyika katika siku mbili na kilele kikapungua bila mvua yenyewe kupungua.

Kituo kuhamishwa, kipimo kubadilishwa, mti kukua karibu, majengo kuzunguka. Tafuta daftari la historia ya kituo. Ukiona grafu imeruka ghafla mwaka mmoja kisha ikatulia kwenye kiwango kipya, hilo ni badiliko la kituo. Tabianchi hairuki hivyo.

Ukishasafisha, chukua mvua kubwa kuliko zote ya siku moja kwa kila mwaka. Utapata namba 40. Zipange kutoka kubwa hadi ndogo, kisha (idadi ya miaka + 1) gawanya kwa nafasi. Ile ya kwanza ni 41 ÷ 1, yaani tukio la kama miaka 41. Ya nne ni kama miaka 10. Usiseme "mvua ya miaka 100" kwa rekodi ya miaka 40 bila kutumia mgawanyo maalumu wa thamani za juu kabisa, na hata ukiutumia, utaje upana wa makadirio.

Sasa jambo ambalo litakuokoa: usitegemee kuona mabadiliko kwenye mvua ya kituo kimoja. Fanya hesabu. Dunia inapata joto kwa takriban nyuzi 0.2 kila muongo, kwa hiyo miaka 40 ni kama nyuzi 0.8. Zidisha kwa asilimia 7, ongezeko linalotarajiwa kwenye mvua kubwa ni kati ya asilimia 5 na 6. Lakini mvua kubwa ya mwaka mmoja hadi mwingine inaweza kutofautiana kwa theluthi au zaidi. Mabadiliko unayoyatafuta yamefunikwa na tofauti hiyo ya kawaida. Ukiona mstari unapanda sana, au ukiona unashuka, vyote viwili haviwezi kubeba hoja peke yake. Ndiyo maana watafiti hukusanya vituo vingi vya eneo kubwa.

Joto la usiku litakufaa zaidi. Fanya hivi: kwa kila mwezi, tafuta kiwango cha joto la chini la siku ambacho asilimia 90 ya usiku wa miaka 30 ya mwanzo haukukivuka. Kisha hesabu kila mwaka ni usiku mngapi umevuka kiwango hicho. Kwa jinsi kilivyotengenezwa, katika miaka ile 30 wastani lazima uwe karibu na usiku 36 kwa mwaka. Angalia miaka 10 ya mwisho imefika ngapi. Hiyo ni namba ambayo msikilizaji yeyote ataielewa. Ila kama mji umekua ukakizunguka kituo, linganisha na kituo cha nje ya mji kwanza, kwa sababu zege na lami hutunza joto usiku.

Msaka_Hoja

Takwimu_Safi, umeniokoa, nilikuwa najiandaa kuchora mstari wa mvua. Swali: nikisoma mahali kwamba tukio "limeongezewa uwezekano mara 3" na mahali pengine kwamba mvua "imeongezeka asilimia 15", niamini lipi?

Takwimu_Safi

Yote mawili, na yanaweza kuwa ya tukio lile lile. Mfano mzuri ni mvua ya kimbunga Harvey huko Texas, Agosti 2017. Uchambuzi mmoja ulitoa namba hizo hizo: mvua kali zaidi kwa kama asilimia 15, na uwezekano wa mvua ya kiwango hicho kuongezeka kama mara 3. Ya kwanza inajibu "bila joto hili, mvua ya uadimu ule ule ingekuwa kiasi gani?" Ya pili inajibu "mvua ya kiasi hiki ingekuwa adimu kiasi gani?"

Kosa la kawaida ni kuzichanganya na kusema "theluthi mbili ya mvua imeletwa na tabianchi" kwa sababu ya ile mara 3. Sivyo. Sehemu kubwa ya maji yale ingenyesha hata hivyo. Lakini usiidharau asilimia 15: ukuta wa mto ukijengwa kuhimili kiwango fulani, sentimita chache juu yake ndizo zinazoamua kama maji yanabaki mtoni au yanaingia majumbani.

Na eleza maana ya "mafuriko ya miaka 100". Si kwamba yakitokea mmepumzika miaka 99. Ni nafasi ya asilimia 1 kila mwaka, na ndani ya miaka 30 inafika kama asilimia 26. Yakigeuka kuwa ya miaka 50, ni kama asilimia 45.

Udongo_Mkavu

Kwa swali la 3. Kwanza mkubalie: ukame mkali ulikuwepo zamani, hakuna anayekataa. Moto wa msituni uliwahi kuwashwa na radi, na hilo halithibitishi kwamba hakuna anayewasha leo.

Kisha muulize: ukame wa nini? Kuna upungufu wa mvua, kuna upungufu wa unyevu udongoni, na kuna upungufu wa maji mitoni. Joto linaweza kuukausha udongo hata kama mvua haijapungua sana, kwa sababu hewa yenye joto hunyonya maji zaidi kutoka ardhini na kwenye mimea. Pembe ya Afrika, kuanzia mwishoni mwa 2020, misimu 5 mfululizo ya mvua iliharibika. Uchambuzi wa World Weather Attribution uliotolewa Aprili 2023 ulikadiria kwamba ukame wa kilimo wa kiwango kile umeongezewa uwezekano takriban mara 100, hasa kwa sababu ya uvukizi. La Niña (kupoa kwa maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki) ilihusika pia kwenye kupungua kwa mvua. Vitu hivi viwili havigombani: La Niña imezuia mvua, joto limefyonza kidogo kilichopatikana.

Halafu mpe mfano wa upande wa pili, atakusikiliza zaidi. Ukame wa kusini mwa Madagaska wa 2019 hadi 2021 ulitangazwa sana kuwa njaa ya mabadiliko ya tabianchi. Watafiti wale wale walipouchambua hawakuona alama ya tabianchi inayotofautika na mabadiliko ya kawaida ya mvua. Umaskini na mambo mengine ndiyo yaliyoifanya mvua chache kuwa njaa. Njia inayoweza kusema "hapana" ndiyo inayostahili kuaminiwa inaposema "ndiyo".

Wimbi_la_Joto

Hapo Udongo_Mkavu amegusa jambo kubwa. Tukio la hali ya hewa ni kitu kimoja, maafa ni kitu kingine. Derna, Libya, Septemba 2023: mvua ya kimbunga Daniel ilikuwa ya ajabu, lakini maelfu walikufa kwa sababu mabwawa mawili ya juu ya mji yalibomoka usiku. Ukisema tu "tabianchi imewaua", umewaondolea lawama waliotakiwa kuyakarabati mabwawa. Ukisema tu "mabwawa", umeificha mvua. Taja vyote.

Kwa sababu hiyo hiyo usitumie grafu ya idadi ya maafa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilihesabu ongezeko la mara 5 ndani ya miaka 50 tangu 1970, lakini likasema wazi kwamba sehemu yake inatokana na taarifa kuboreka. Mpinzani makini ataikamata hapo hapo.

Msaka_Hoja

Na yule atakayesema vifo vimepungua, kwa hiyo hatari imepungua?

Udongo_Mkavu

Mwambie ni kweli vimepungua, kisha umwonyeshe kwa nini. Kimbunga cha Bhola cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika eneo ambalo leo ni Bangladesh. Amphan, kimbunga kikubwa kilichopiga India na Bangladesh mwaka 2020, kiliua watu zaidi kidogo ya mia moja. Kati ya hapo kulijengwa minara ya kujihifadhi, mfumo wa tahadhari, na utaratibu wa kuhamisha watu kwa mamilioni kabla upepo haujafika. Kilichopungua ni watu kukutwa njiani mwa maji. Mahali ambapo tahadhari haifiki, hatari iko pale pale.

Takwimu_Safi

Nyongeza ndogo ya uwasilishaji. Dakika 20 hazitoshi kwa matukio zaidi ya matatu: chukua la joto (Lytton), la mvua (Harvey), na lisiloonyesha alama ya tabianchi (Madagaska). Kwenye kila moja andika eneo, muda uliopimwa na kipimo kilichotumika, kwa sababu "mvua ya siku 3" na "mvua ya siku 60" zinaweza kutoa majibu tofauti kwa msimu ule ule. Na kwenye grafu yako ya usiku wa joto, miaka yenye mapengo usiiunganishe kwa mstari. Iache wazi, uandike chini yake siku ngapi zimekosekana.