Laptop ya zamani inaganda kila mara: tupeane uzoefu, yako ilikuwa na nini?

Habari zenu wakuu. Nina laptop ya mwaka 2013, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Ndiyo niliyosomea chuo, na sasa naandalia matokeo ya wanafunzi wangu hapa Dodoma. Tangu Januari inaganda: mshale hausogei, taa ya diski inawaka bila kupepesa, dakika tatu baadaye inarudi yenyewe. Mafundi wawili wakaipiga Windows upya. Inakaa wiki, inarudia.

Kijana mmoja wa stesheneri akanielekeza nibonyeze Ctrl+Shift+Esc, niiache Task Manager (dirisha linaloonyesha nini kinaielemea mashine) wazi nikiendelea na kazi. Ilipoganda, ilionyesha diski inatumika 100% huku prosesa iko 6% tu. Nikaweka CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, ikaandika Caution (tahadhari) kwa njano. Kumbe sekta, yaani vijisehemu vya diski vinavyotunza data, zimeanza kufa: ikifika kwenye sekta mbovu inarudia kusoma mara nyingi, na mashine nzima inaisubiri. Kinachoniuma ni kwamba mara zote mbili Windows ilirudishwa kwenye diski ileile mgonjwa, na maandalio yangu ya masomo yakafutwa. Sasa nimeweka SSD (diski isiyozunguka) ya GB 240, imetulia. Yenu je?

*Mchangiaji wa Mwanza:*
Pole sana mwalimu. Yangu ilikuwa joto. Ikiwashwa iko sawa, baada ya nusu saa inaganda mazima, mpaka ushikilie batani ya kuzimia. Nilikuwa naiweka kitandani, blanketi linaziba matundu ya chini. Ilipofunguliwa, vumbi lilikuwa limejishona kati ya feni na mapezi ya shaba ya kupoza kama kipande cha zulia, na peisti ya kupitisha joto la prosesa imekauka kama chokaa. Kusafisha na kupaka peisti mpya, basi. Ila mkipuliza vumbi kwa kompresa, ishikeni feni isizunguke. Feni yangu ya kwanza niliiua hivyo.

*Mchangiaji wa Mombasa:*
Kwetu pwani kuna hewa ya chumvi. Yangu ilikuwa ikiganda bila mpango, mara inatoa skrini ya bluu. Nilitoa betri, nikachomoa RAM, nikayasugua meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli. Ikanyamaza miezi miwili, ikarudi. Ndipo nikapima kipande kimoja kimoja cha RAM kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, na kimoja kikajaa makosa. Ukienda kununua, angalia herufi: mashine nyingi za miaka hiyo zinataka RAM aina ya DDR3L ya volti 1.35. Mimi niliuziwa DDR3 ya volti 1.5, haikuwaka kabisa.

*Mchangiaji wa Morogoro:*
Samahani, yangu nayo taa ya diski haipepesi, na tangu juzi nasikia inagonga tk, tk. Picha za marehemu mama zimo humo. Nianze na kupima?

*Mwanzisha uzi:*
Hapana dada, usipime chochote kwanza. Kipimo kirefu kinaweza kuimaliza. Tafuta diski ya nje, nakili folda ya mama peke yake, mengine yasubiri. Ikigonga tena katikati ya kunakili, izime, usiiwashe tena, umpelekee fundi anayeokoa data. Ukimaliza tuambie, nipo macho.